"Wazee wangu wananiambia Shetani hachukui likizo"

BARUA

Mama Mshauri,

Bwana asifiwe. Mimi ni mchungaji wa kanisa la Kipentekoste hapa Busia, upande wa Uganda. Kanisa letu si kubwa, lakini lina watu wa kila namna: Wasamia, Wateso, Waganda waliokuja kwa biashara, madereva wa malori wanaosubiri karatasi zao mpakani, na ndugu wa upande wa Kenya wanaovuka Jumapili asubuhi na kurudi jioni. Ndiyo sababu tunahubiri kwa Kiswahili. Nimeoa, na Mungu ametupa watoto wanne.

Naomba nikueleze wiki yangu. Jumapili tuna ibada mbili, ya saa moja na ya saa nne. Zikiisha natembelea wagonjwa, na jioni nakaa na wazee wa kanisa. Jumatatu imeandikwa kwenye ubao kuwa siku ya mchungaji kupumzika, na hapo ndipo kila mtu alipojua kwamba siku hiyo nipo nyumbani. Wa kwanza anabisha hodi kabla sijanywa chai. Tena ni hiyo hiyo Jumatatu ninayotakiwa kwenda shambani, maana sadaka peke yake haitoshi na tunakula muhogo wetu wenyewe. Jumanne ni kesi za ndoa na vijana. Jumatano maombi ya akina mama mchana, na ibada jioni. Alhamisi ushirika wa nyumba kwa nyumba. Ijumaa tuna mkesha mpaka alfajiri, kila wiki.

Jumamosi ni mazishi au harusi, mara nyingine vyote viwili. Mazishi ya kwetu unayajua. Ukiambiwa saa nane, atasema mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, atasema mheshimiwa kansela, utasema ukoo wa baba na ukoo wa mama, na Neno la Mungu linapewa dakika kumi saa kumi na moja jioni, watu wakiwa tayari wamesimama. Narudi kutoka Lumino au Majanji kwa boda boda giza limeingia. Ndipo nafungua Biblia kutafuta mahubiri ya kesho.

Mama, nimechoka. Kichwa kinaniuma karibu kila jioni. Nashtuka saa tisa za usiku moyo ukinidunda, na simu haijalia. Linaloniogopesha zaidi ni kwamba siku hizi siwezi kusoma Biblia kwa ajili ya nafsi yangu. Nikisoma mstari, akili inakimbia kuuliza nitauhubiri wapi.

Niliwaeleza wazee. Mmoja akanijibu, "Mchungaji, Shetani hachukui likizo." Mwingine akanikumbusha kwamba limefunguliwa kanisa jipya karibu na stendi ya boda boda, lenye spika kubwa, na mchungaji wake anapokea simu hata saa nane za usiku. Nikanyamaza. Washirika wakienda, sadaka inakwenda nao, na kodi ya nyumba tunayoishi inatoka humo.

Mwezi uliopita mtoto wetu wa mwisho alificha simu yangu ndani ya debe la unga. Nilipotaka kumwadhibu, mke wangu akasema, "Mwache. Amefanya nililotaka kufanya mimi."

Je, ni dhambi mchungaji kupumzika wakati kondoo wanalia? Na kama si dhambi, nipumzike lini, maana sioni siku?

Mchungaji, Busia


JIBU

Mchungaji, Bwana asifiwe sana. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Nimemwombea na mama mchungaji pia, kwa sababu katika barua nzima yeye amesema maneno machache tu, nayo yamenitosha kujua nyumba yenu imefika wapi. Mimi mwenyewe nimekuwa mke wa mchungaji, na ninajua mlango usiofungwa unavyokuwa.

Tuanze na mwili. Kichwa kinachouma kila jioni, moyo unaodunda mtu akiwa amelala, usingizi unaokatika saa tisa: nenda Hospitali ya Masafu au kituo cha afya kilicho karibu nawe wakupime presha, sukari na malaria. Nenda wiki hii, usingoje ratiba ibadilike kwanza. Busia ni eneo la malaria nyingi, na mtu anaweza kutembea nayo huku akidhani amechoshwa na huduma. Nimeona watumishi wakiwekewa mikono kwa jambo lililohitaji kidonge. Wewe wekewa mikono, na upimwe.

Sasa yule mzee wako. Simdharau, maana neno lake lina hofu ya Mungu ndani yake. Lakini Zaburi ya 121 inamtaja asiyesinzia wala kulala, naye ni Mlinzi wa Israeli. Kazi ya kukesha juu ya kondoo usiku na mchana ina mwenyewe tayari, wala hajakuomba umshikie zamu. Zaburi ya 127 inaendelea kusema kwamba usingizi ni kitu ambacho Mungu humpa ampendaye. Mzee akikurudia na habari za Shetani, msomeeni hizo zaburi mbili kwa upole, mkiwa mmekaa, wala si mbele ya kanisa.

Unauliza kama ni dhambi. Nadhani kinachokusumbua ni kwamba siku ambayo Wakristo wengi wanapumzika, wewe ndiyo siku yako nzito kuliko zote. Hilo si jipya, Mchungaji. Makuhani wa Israeli walikuwa hivyo hivyo. Hesabu sura ya 28 inaagiza kwamba siku ya Sabato waongezwe wana-kondoo wawili juu ya sadaka ya kila siku, kwa hiyo watu walipokuwa wamekaa majumbani, kuhani alikuwa na kazi zaidi. Bwana Yesu mwenyewe anawataja katika Mathayo 12, kwamba walifanya kazi siku ya Sabato hekaluni na hawakuwa na hatia.

Lakini angalia waliwezaje. 1 Mambo ya Nyakati 24 inawagawa wana wa Haruni katika zamu 24. Mtu aliingia zamu, akahudumu, akatoka. Zakaria, baba yake Yohana, alikuwa wa zamu ya Abiya, na Luka anaandika wazi kwamba siku za huduma yake zilipotimia alirudi nyumbani kwake. Malaika alikuwa ametoka kusema naye, na bado alikwenda nyumbani zamu ilipokwisha! Walawi nao, kwa Hesabu 8, waliingia katika utumishi wakiwa na miaka 25, na wakifika 50 waliachishwa ile kazi ngumu, wakabaki kuwasaidia ndugu zao. Mungu aliyewapa kazi ya Sabato aliwapa na mlango wa kutokea. Wewe umeshika nusu ya kwanza ya agizo na kuiacha ya pili, na kanisa lako limekusifu kwa hilo.

Kwa hiyo swali la dhambi nimelimaliza. Ninalotaka kukaa nalo ni la siku gani, kwa sababu hapo ndipo wachungaji wengi wanapokwama hata wakikubali kwamba Mungu anataka wapumzike.

Jumatatu yako haifai. Najua ndiyo siku ya wachungaji wengi, lakini kwako inabeba mabaki yote ya Jumapili: mgeni aliyetoa maisha yake anatakiwa apigiwe simu, hesabu ya sadaka haijakaa sawa, mama mmoja aliondoka analia na hukujua kwa nini. Ukijilazimisha kupumzika juu ya mambo hayo, utakaa kwenye kiti na kichwa kipo kanisani. Ifanye Jumatatu siku ya kumaliza. Asubuhi na mapema shambani, kisha simu za ufuatiliaji, kisha watu wawili au watatu walioomba kukuona. Jua likizama, funga. Mapumziko yako yaanze Jumatatu jioni yaishe Jumanne jioni. Sabato ya Biblia nayo inahesabiwa toka jioni hata jioni, iko katika Mambo ya Walawi 23. Kwa namna hiyo unapata jioni mbili na watoto, kwa sababu Jumanne mchana wako shuleni na mapumziko ya mchana peke yake wasingeyaona.

Utaniuliza kuhusu shamba. Kulima kwako ni kazi, Mchungaji. Wapo wanaosema jembe linapumzisha akili ya mtu anayeongea wiki nzima, na kwa mwenye kipato chake huenda ni kweli. Wewe unalima kwa sababu chakula kinatoka huko, basi usilihesabu shamba katika siku yako ya mapumziko. Libaki Jumatatu alfajiri, na siku nyingine akina baba wa kanisa wanaweza kukusaidia palizi. Waombe. Watafurahi kuombwa kitu ambacho mikono yao inakiweza.

Kesi za Jumanne zihamie Alhamisi mchana, kabla ya ushirika wa nyumba kwa nyumba. Na Jumatano asubuhi, kabla ya maombi ya akina mama, kaa na somo la Jumapili kwa muda wa saa mbili. Usitafute vichwa vya mahubiri siku hiyo. Soma tu sura nzima, mara ya kwanza kwa ajili yako. Halafu tembea nayo. Ukienda kumwona mgonjwa Alhamisi, sura iko nawe. Ukikaa na wafiwa, iko nawe. Kufikia Ijumaa mchana andika. Jumamosi usiku iwe ya kusoma ulichoandika na kulala. Ukavu unaousema wa kusoma Biblia kama mtu anayetafuta kitu sokoni, kwa maoni yangu unatokana sana na Jumamosi usiku. Mtu mwenye njaa ya mahubiri na saa tatu mbele yake hawezi kumsikiliza Mungu kwa utulivu. Anachukua kitakachofaa na kukimbia.

Nakuja kwenye mkesha, na hapa wazee wako hawatanipenda. Naamini mkesha. Nimeona Mungu akitenda usiku wa manane. Lakini mkesha wa kila Ijumaa, ukifuatwa na mazishi Majanji Jumamosi, ukifuatwa na ibada mbili Jumapili, hauwezi kubebwa na mtu mmoja mwaka baada ya mwaka. Una madereva katika kanisa lako. Waulize kinachompata mwenzao anayeondoka mpakani jioni kwenda Kampala baada ya usiku mzima bila usingizi. Watakuambia habari za barabara ya Iganga bila wewe kuwadokeza. Mkesha ubaki kila Ijumaa kama kanisa linataka, lakini wewe uwepo mpaka alfajiri mara moja kwa mwezi. Ijumaa nyingine fungua kwa maombi, waachie viongozi wa vijana na mashemasi, na saa nne uwe kitandani. Wakisema hapana upako bila mchungaji, hapo umegundua kazi nyingine ya kufundisha, na ni kazi ya mchana.

Mazishi ni jambo gumu zaidi na sitakudanganya kwamba lina dawa. Kwetu mchungaji asiyeonekana msibani hasahauliki. Ila msiba una siku kadhaa na una sehemu nyingi. Kuna ile saa ya kwanza, taarifa ikifika: hapo nenda, hata ikiwa siku yako ya mapumziko. Kuna usiku wa matanga, ambao mzee wa eneo hilo na kwaya wanaweza kuubeba vizuri kabisa. Kuna siku ya kuzika. Kwa hiyo ya kuzika, zungumza na familia na mwenyekiti wa LC1 mapema, uwaombe Neno litangulie hotuba. Pengine watakataa, lakini nimeona wakikubali mahali ambapo mchungaji aliomba siku moja kabla badala ya kulalamika pale kaburini. Na kama wewe ndiye uliyekwenda saa ya kwanza, ukashika mkono wa mjane, familia haitakuchukia ukimtuma mzee wa kanisa asimamie maziko. Harusi ni tofauti: ndoa ya kisheria kanisani inataka kanisa lenye leseni na mchungaji anayetambuliwa, hiyo ni yako. Iweke kwenye kalenda miezi kabla, wala usikubali harusi mbili katika mwezi mmoja kama una njia ya kukwepa.

Siku ya mapumziko ikivunjwa na kifo, ilipwe wiki hiyo hiyo, hata kama ni nusu siku ya Alhamisi. Katika Marko 6 Bwana aliwaita wanafunzi wakapumzike kwa sababu watu walikuwa wakija na kwenda hata hawakupata nafasi ya kula. Walipofika, umati ulikuwa umewatangulia. Akawahurumia, akawafundisha, akawalisha. Kisha akawatanguliza wanafunzi chomboni, yeye mwenyewe akauaga umati na kupanda mlimani kuomba. Wengi tunahubiri ile ya kuwahurumia na kuishia hapo.

Sasa tuongee juu ya hofu yenyewe, ambayo wewe umeiandika kwa mistari miwili tu ingawa nadhani ndiyo inayokuamsha saa tisa. Kanisa jipya, spika kubwa, simu ya saa nane usiku. Watu wengine wataondoka. Nakuambia hivyo kwa sababu ni kweli, na usije ukaniona mwongo itakapotokea. Anayehama kwa sababu hakukupata Jumanne mchana kwa jambo lililoweza kungoja Jumatano, atahama na kwa sababu nyingine. Waliokaa nawe katika njaa na misiba hawahesabu mara ngapi umepokea simu. Wanajua kama uliwasikiliza ulipokuwa nao, na siku hizi huwasikilizi, Mchungaji. Unakaa mbele yao unasinzia kwa ndani. Mtu huhisi.

Nenda kwa wazee tena, safari hii bila kuomba ruhusa ya kuchoka. Nenda na karatasi yenye wiki mpya, na kila kazi ina jina la mtu. Nani anashika simu ya kanisa toka Jumatatu jioni hadi Jumanne jioni? Muwe na laini ya kanisa, tofauti na yako, inayozunguka kwa wazee kwa zamu. Atakayeishika aambiwe mambo yanayomruhusu kukugongea mlango: kifo, mtu mahututi, mtu anayetishia kujidhuru, mtoto au mama aliye katika hatari nyumbani. Mengine yaandikwe, utayakuta Jumatano. Futa ubaoni yale maneno ya "siku ya mchungaji kupumzika", uandike namba hiyo na jina la mzee wa zamu. Watu wanakuja kwako kwa sababu ubao haukuwaonyesha pa kwenda.

Kama kuna mzee mwenye kazi ya mshahara katika kikao, mkumbushe kwa heshima kwamba Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 haimruhusu mwajiri kumfanyisha mtu kazi zaidi ya siku sita mfululizo bila siku ya kupumzika, na inampa mfanyakazi likizo yenye malipo ya siku saba kwa kila miezi minne. Sisemi uwashtaki. Nasema wao wenyewe wangeona ni uonevu kama bosi wao angewafanyia wanavyokufanyia wewe kwa jina la Bwana.

Lakini kabla ya kikao hicho, kaa na mama mchungaji. Hukuniambia yeye hupumzika lini. Kila anayebisha hodi Jumatatu, ni nani anayemchemshia chai? Kama siku yako mpya itamaanisha wewe umekaa na yeye yupo jikoni akipikia wageni, itakuwa siku ya nusu ya nyumba. Mwulize Jumanne inamfaaje yeye, na kama ana shughuli yake sokoni siku hiyo, badilisheni. Siku niliyokupendekezea si amri. Yeye ndiye anayejua wiki ya nyumba yenu kuliko mimi, na kuliko wewe.

Jambo jingine. Tafuta wachungaji wawili au watatu, hata wa madhehebu mengine, hata mmoja wa ng'ambo ya mpaka, mkutane mara moja kila wiki mbili bila ajenda. Walokole wa uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, na kuenea Uganda miaka ya 1930, walikuwa na ushirika ambamo kasisi alikaa kwenye benchi moja na mkulima na kusema udhaifu wake kama wengine. Wewe unazungukwa na watu wiki nzima, na sioni hata mmoja katika barua yako anayekuuliza hali yako na kungoja jibu.

Na likizo ya mwaka: usingoje uanguke. Disemba huwezi, kuna Krismasi, watu wanarudi vijijini, halafu mkesha wa tarehe 31. Lakini shule zetu hufunguliwa kwa kawaida mwanzoni mwa Februari, kwa hiyo Januari watoto wako nyumbani. Waombe wazee wiki mbili za Januari, uwaambie mapema, mwezi wa kumi, wapate nafasi ya kualika wahubiri. Nendeni kwa wazazi wa mama mchungaji kama hakuna pesa ya kwenda mahali pengine. Jumapili mtakazokuwa huko, kaa kwenye viti vya nyuma, na mwenyeji akikuomba uhubiri, mwambie hapana.